Urudie Kesho: Historia ya Makaratasi, Bei na Hongo Kwenye Ufuko wa Mweru

Ukikaa dakika kumi kwenye bomba la maji hapa Mantapala utasikia malalamiko matatu, na hayabadiliki. La kwanza ni karatasi: nimefika biro, wameniambia urudie kesho. La pili ni bei: unga umepanda tena. La tatu watu wanalisema kwa sauti ndogo: bila kutoa kitu, kesi yako haitembei.

Mimi nafanya kazi na vijana. Tangu tuanze mazungumzo ya kila Jumamosi, mambo haya matatu yanakula nusu ya wakati wetu. Na maelezo wanayotoa vijana ni mawili tu. Wengine wanasema Wazambia hawatupendi. Wengine wanasema ni sisi wenyewe, Wakongo tumezaliwa na rushwa na tumeibeba mpaka huku pamoja na masufuria. Maelezo yote mawili hayakuniridhisha, maana nimekutana na Mzambia aliyenisaidia bure na nimekutana na Mkongo mwenzangu aliyetaka kunila. Kwa hiyo nikaanza kuuliza wazee na kusoma kila kitabu cha historia ya ziwa hili nilichoweza kuazima. Nilichokuta ni kwamba hili ziwa lina zaidi ya miaka 200 ya watu kuambiwa "subiri kidogo". Naandika hapa ili ndugu zangu wa kambini wajue, na hata wale wanaofanya kazi kwenye mashirika, kwa sababu wao ndio wako upande wa pili wa dirisha.

Miaka minne kwa Mwata Kazembe

Mwaka 1802 wafanyabiashara wawili Waafrika waliondoka Angola kwenda mashariki. Mmoja aliitwa Pedro João Baptista, wa pili Amaro José. Bwana wao, Mreno aliyesimamia soko la Kasanje, aliwatuma watafute njia ya kufika Tete, kule Msumbiji. Mwisho wa mwaka 1806 wakafika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula, ambaye nchi yake ilikuwa kusini mwa Mweru, upande huu huu wanakoenda leo magari ya Mwansabombwe. Wakaomba ruhusa ya kupita. Ruhusa haikutoka. Walikaa pale mpaka 1810. Miaka minne! Tete walifika mwanzoni mwa 1811.

Vijana niliowasomea habari hii walicheka, halafu mmoja akasema: "Basi sisi bado tuko wageni." Lakini tusimcheke Mwata haraka. Yeye alikuwa na sababu. Nchi yake ilikuwa katikati ya njia ya pembe za ndovu na shaba, na mgeni anayepita bila kusimama ni biashara inayopita bila kusimama. Kumfanya mgeni asubiri kulikuwa siasa yake. Hata wafanyabiashara wa pwani walionja. David Livingstone alipofika hapa mwaka 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, Mwarabu wa pwani, akiwa amezuiliwa kwa Kazembe miaka mingi.

Zamani hizo lilikuwepo neno ambalo leo tunalitumia vibaya: hongo. Kwenye misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Unyamwezi na mbele, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ukifika kwa mtemi, unatoa vitambaa, shanga au waya, ndipo unapewa njia na maji ya kunywa. Watu walibishana juu ya kiasi, tena walibishana sana, siku nzima au zaidi. Lakini walibishana mchana, mbele ya watu wote, na kila mtu kwenye msafara alijua ni nini kimetolewa na kwa sababu gani. Baadaye, serikali zilipochukua ushuru wote mikononi mwao, neno likabaki bila kazi yake ya zamani, likaingia kwenye giza. Leo hongo ni kile kinachopitishwa chini ya meza. Naomba msomaji ashike jambo hili, nitalirudia.

Mstari kwenye maji

Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Dola la Kongo la Mfalme Leopold walitia saini mkataba. Mpaka ukafuata mto Luapula na kupita ndani ya ziwa Mweru. Waliotia saini hawakuuliza mtu yeyote wa Kilwa, wa Pweto wala wa Chiengi. Watu wa ng'ambo mbili walikuwa wanaoana, wanazikana na kuvua pamoja. Asubuhi moja wakawa wageni wa wenzao.

Halafu ikaja kodi. Upande wa Waingereza, kampuni iliyotawala nchi ilianza kudai kodi ya nyumba ya shilingi 3 mwaka 1901. Upande wa Kongo kulikuwa na kazi za lazima na baadaye kodi ya kichwa kwa pesa. Watu walifanya nini? Walipima. Kodi ikizidi huku, wanapakia bwato usiku na kuvuka kule. Kazi ya lazima ikizidi kule, wanarudi huku. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameandika juu ya kuhama huku kati ya 1900 na 1940, na anakuita kuhama kwa kupinga. Mimi nilipoona maneno hayo nilifurahi sana, maana nimezoea kusikia kwamba mkimbizi ni mtu aliyeshindwa. Babu zetu kwenye ziwa hili walitumia miguu na makasia kusema "hapana".

Watawala waliliona hilo. Ukaja ugonjwa wa malale. Kati ya 1907 na 1910 Waingereza waliondoa vijiji kwenye ufuko wa Mweru na kingo za Luapula, wakazuia watu kuvua na kuvuka. Malale yalikuwa kweli, yaliua watu wengi. Lakini mvuvi aliyekatazwa kuvua alibaki na njaa, na kodi haikungoja. Kwa hiyo watu waliendelea kuvuka kwa siri. Sasa wewe fikiri: mtu anavuka usiku, mlinzi anamwona. Mlinzi naye ana mke na watoto, na anajua huyu mtu ana samaki kwenye bwato. Sina barua ya kunionyesha walichosemezana. Lakini kila mtu aliyewahi kupita mpaka anaweza kumalizia mazungumzo hayo mwenyewe.

Kipande, chitupa, na pasi ya kuhama

Tunalalamika juu ya pasi ya kutoka kambini kama vile ilibuniwa Mantapala. Hapana. Kenya, kuanzia 1919 na 1920, mwanaume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Huku kwenye nchi za Rhodesia karatasi ya namna hiyo iliitwa chitupa. Kwetu Kongo ya Wabelgiji mtu hakuweza kuhama kutoka eneo lake bila pasi ya kuhama iliyoandikwa na mtawala. Mwaka 1948 wakaongeza kadi ya heshima kwa Mwafrika aliyeonekana "amestaarabika". Ili uipate, watu wa serikali walikuwa wanakuja nyumbani kwako kuangalia unavyoishi.

Mwishowe vipande hivyo viliondoka kwa wananchi. Kwa wakimbizi havikuondoka. Zambia ilipokea wakimbizi mapema kuliko nchi nyingi: Mayukwayukwa ilifunguliwa 1966, Meheba 1971. Mwaka 1969 ikajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ila iliweka sharti kwenye vifungu kadhaa, kimojawapo kile cha uhuru wa kutembea. Sheria ya 1970 ilimpa waziri uwezo wa kuamua mkimbizi akae wapi. Sheria mpya ya 2017 imechukua nafasi yake na imeleta mambo mazuri, na mwaka 2024 nchi ikatoa sera ya taifa ya wakimbizi. Lakini mpaka leo, kijana wa Mantapala anayetaka kwenda Mansa kujifunza ufundi anahitaji karatasi ya ruhusa mkononi.

Nasema hivi bila chuki. Nchi iliyofungua mlango mara nyingi hivi inastahili asante. Desemba 2000 mji wa Pweto ulipochukuliwa na waasi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia huku, na kambi za Kala kule Kawambwa na Mwange kule Mporokoso zikajaa. Zilifungwa 2010 watu walipokuwa wamerudi nyumbani. Kuanzia Agosti 2017 tukaja tena. Tulipita Kenani kwanza, halafu Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa. Tulipewa viwanja vya kujenga na kulima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tulipewa. Shida yetu ni kwamba jembe linatoa mahindi na mihogo, na mahindi yanahitaji soko, na soko lenye watu liko Kashikishi. Ili ufike Kashikishi, turudi kwenye karatasi.

Nani anapanga bei ya bukari?

Wengi wanaamini wenye maduka wanakaa usiku kupanga namna ya kutuumiza. Wapo wanaopandisha bei siku ya kugawa pesa za msaada, hilo tumeliona kwa macho, halina ubishi. Ila bei ya ufuko huu ina historia ndefu kuliko duka lolote.

Toka zamani Mweru imelisha migodi. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, upande wa Kongo, wakanunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa wafanyakazi wa shaba. Mvuvi alipokea bei aliyopangiwa na mwenye barafu na gari. Samaki wengi waliokuwa wanavuliwa walikuwa mpumbu, na ilipofika karibu 1950 walikuwa wamekwisha karibu kabisa. Serikali ikaleta sheria za uvuvi, na mwaka 1953 watu wa Mweru na Luapula wakafanya fujo kuzipinga, maana waliona sheria zinamfunga mvuvi mdogo. Leo tunakula chisense, dagaa wadogo ambao wazee wanasema zamani hawakuhesabiwa kama samaki wa maana. Na kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi unafungwa ili samaki wazaane. Ni sheria ya maana. Lakini ndiyo miezi ambayo mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa. Kwa hiyo samaki na unga vinapanda pamoja, na mwenye duka hakuhitaji mkutano wa usiku.

Ongeza na pesa yenyewe. Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha, elfu moja ikawa moja. Mwaka 2024 ukame ukaharibu mahindi, Februari ile serikali ikatangaza janga la taifa, na mfuko wa unga mweupe wa kilo 25 ukapita kwacha 300. Majirani zetu walilia pamoja na sisi. Tena wao wanakumbuka mabaya zaidi. Desemba 1986 serikali ya Kaunda ilipoondoa ruzuku, bei ya unga iliruka zaidi ya maradufu, watu wa Copperbelt wakaingia barabarani, wengine wakauawa. Mwaka 1990 ikatokea tena. Katikati hapo, mwaka 1989, walipewa kuponi za unga. Mzee mmoja wa Nchelenge aliyekuwa anafanya kazi Kitwe miaka ile aliniambia: "Mwanangu, nyinyi na kadi zenu mnafikiri ni wa kwanza? Sisi tulisimama mstari na kuponi ndani ya nchi yetu." Tangu siku ile sisemi tena kwamba Mzambia hajui foleni.

Majina mengi ya kitu kimoja

Sasa tufike kwenye lile la sauti ndogo. Hesabu majina yake: Kenya ni kitu kidogo, Tanzania ni chai, Zambia ni nichekeleko, maana yake nikatie na mimi kidogo. Kwetu Kongo ni matabishi, neno lililotoka kwa Wareno, au madesu ya bana, maharage ya watoto. Angalia majina hayo vizuri. Mengi yanaomba chakula. Askari wa Zaire miaka ya mwisho ya Mobutu alikuwa anakaa miezi bila mshahara, na mwaka 1976 Mobutu mwenyewe alisema hadharani kwamba anayeiba aibe kidogo na kwa akili. Mkubwa akisema hivyo, mwenye bariere atafanya nini?

Wazambia wa Luapula walionja maharage yetu. Njia fupi ya kutoka Copperbelt kwenda Mansa inapita ndani ya Kongo, kilomita kama 70, kutoka Mokambo hadi Chembe. Kwa miaka mingi wasafiri Wazambia walilipa kwenye kila kizuizi cha askari wetu, kwa kosa la kupita tu. Wengi walikubali kuzunguka njia ndefu ya Serenje. Kwa hiyo afisa wa Zambia akituangalia kwa shaka, pengine anamkumbuka mjomba wake aliyevuliwa saa njiani Mokambo.

Mimi mwenyewe limenikuta. Nilikuwa natoka mjini na madaftari ya kikundi, karatasi yangu ina muhuri. Mtu mmoja kwenye kizuizi, sitamtaja wala pahali, aliisoma mara mbili akasema tarehe imeandikwa vibaya, "lakini tunaweza kusaidiana". Nikamwuliza, kwa heshima, kama nikilipa nitapata risiti. Hakujibu. Akanikalisha pembeni saa mbili na nusu, gari likaniacha, mwisho akanirudishia karatasi bila neno. Sikulipa, ila nilifika nyumbani usiku kwa miguu nikiwa na madaftari kichwani. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni hana saa mbili na nusu.

Hadithi inayoniuma zaidi ni nyingine. Dada mmoja wa kikundi chetu alimaliza Grade 12 na kupata nafasi ya mafunzo Mansa. Masomo yanaanza Jumatatu. Wiki nzima anaambiwa urudie kesho. Akatokea komisyonere, akasema kwa kwacha 150 karatasi itatoka leo leo. Dada akauza kuku wawili, akalipa. Karatasi ilitoka Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku ile ile ambayo ingetoka bila pesa, maana waliokuwa naye kwenye orodha walipata zao pamoja naye. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Na yule komisyonere alikuwa nani? Afisa? Hapana. Ni mkimbizi kama sisi, anakaa blok ya jirani, watoto wake wanacheza na wetu. Aliuza kitu ambacho hakuwa nacho. Alichokuwa anauza kweli ni kutojua kwetu.

Tunafanya nini basi?

Penye udhia penyeza rupia, methali inasema. Ukiitazama kwa upande wa pili, inatuambia rupia inaingia palipo na udhia. Ondoa udhia, rupia itakosa mlango. Tangu kwa Mwata Kazembe mpaka bariere ya juzi, mahali penye kusubiri kusikoeleweka ndipo bei inapozaliwa. Tofauti kubwa ni kwamba hongo ya misafara ilikuwa mbele ya watu, ya leo imefichwa.

Kwa ndugu zangu wa kambini: huduma zote za UNHCR na mashirika yanayofanya kazi nayo ni bure, kuanzia kuandikishwa hadi kuhamishiwa nchi nyingine. Sheria ya Zambia ya kupambana na rushwa ya 2012 inamhesabia kosa anayetoa na anayepokea. Kikundi chetu kimekubaliana mambo machache. Tunakwenda biro wawili wawili. Tunauliza kwa upole: kanuni hii imeandikwa wapi? Kama kuna malipo halali, tunaomba risiti. Na yule komisyonere tulimwita, tukakaa naye pamoja na wazee wa blok. Alirudisha kwacha 80. Zilizobaki anasema atarudisha, tunamngoja.

Kwa ndugu zetu wa mashirika na serikali: tunajua nanyi mnangoja saini kutoka juu. Basi tuambieni hivyo. Bandikeni ubaoni, kwa Kiswahili na Kibemba, karatasi ipi inachukua siku ngapi, na kama imechelewa, imechelewa wapi. Karatasi moja ubaoni ingemwokolea dada yule kuku wake wawili. Nafasi ya masomo pengine isingeokoka, lakini angejua mapema na angeandika kuomba wasogeze siku.

Jambo la mwisho. Tunajua habari za Pedro João Baptista na Amaro José kwa sababu Baptista aliandika. Miaka yote ile ya kungoja alikuwa anaweka kumbukumbu ya safari, na maandishi yake yakachapishwa na kusomwa mpaka leo. Katika kikundi chetu sasa kuna daftari moja la kurasa 96. Kila anayekwenda biro anaandika tarehe aliyokwenda, alichoomba, alichoambiwa na tarehe aliyopata. Bila majina ya watu, tarehe tu. Tumejaza kurasa 31. Anayetaka kuliona, awe mkazi au afisa, linapatikana kila Jumamosi saa nane mchana.